Sayansi Mbili, Deni Moja

MZAZI: Mwalimu, nijibu kwanza swali ambalo mzazi yeyote wa Mkiwa, mkoani Singida, ataliuliza kabla hajatoa gunia la alizeti kwenda kuuza kwa ajili ya ada: mtoto akimaliza hiyo shahada ya baiolojia na biokemia, anakuwa nani? Aliyesomea uuguzi ni muuguzi. Aliyesomea ualimu ni mwalimu, na hata ajira ikichelewa anajua mlango wa kubisha hodi. Huyu wenu anakaa chuoni miaka mitatu, kisha anarudi na cheti ambacho ukitembea nacho kuanzia Manyoni hadi Singida mjini hukuti tangazo la kazi lenye jina hilo. Hatibu. Hafundishi shule ya serikali mpaka arudi darasani kusomea ualimu. Maabara ya kituo cha afya nayo ina wenyewe: kwa sheria ya mwaka 2007, anayepima damu ya mgonjwa lazima awe amesajiliwa na Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya, na njia ya kufika huko ni kusomea maabara za afya, si biokemia. Kwa hiyo aliyeishia kidato cha nne, akaenda kuchukua stashahada ya maabara, anakaa kwenye darubini. Mwenye digrii anasimama dirishani na bahasha mkononi. Sidharau elimu. Nasema tu kwamba Bodi ya Mikopo inamkata mnufaika asilimia 15 ya mshahara siku akiupata, lakini ile miaka anayokaa nyumbani bila mshahara tunakatwa sisi.

MHADHIRI: Sitalikwepa swali hilo, mama, ila nitalianza mbali kidogo. Katikati ya mwaka 2016 watu wa wilaya za Chemba na Kondoa mkoani Dodoma, na Kiteto mkoani Manyara, walianza kuugua ugonjwa usiojulikana: macho ya manjano, tumbo kujaa, kutapika, watoto wakiwemo. Wagonjwa walioorodheshwa walikuwa 68, na 20 kati yao walikufa. Chemba imepakana na mkoa wenu. Walichokula ni mahindi, na kilichowaua ni sumukuvu. Sasa mtazameni mtu anayetakiwa kulielewa jambo hilo mpaka mwisho. Lazima ajue kwamba kuvu inayoitwa Aspergillus flavus inaishi udongoni, inashambulia zaidi zao lililopigwa na ukame, inaingilia matundu ya wadudu, na inastawi ghalani punje zikiwekwa kabla hazijakauka. Hiyo ni baiolojia. Lakini kuvu peke yake haijamuua mtu. Inatoa kemikali ambayo moto wa jikoni hauimalizi, na ini likijitahidi kuiondoa mwilini, vimeng'enya vyake vinaigeuza kuwa kitu kikali zaidi kinachonasa kwenye vinasaba. Ndiyo maana anayekula kidogo kidogo kwa miaka haanguki ghafla. Anakuja kupata saratani ya ini. Hiyo ni biokemia. Anayejua nusu ya kwanza tu atawaambia watu watupe punje zenye ukungu, nao watasaga zilizobaki wakidhani zimepona. Anayejua nusu ya pili tu atapima, ataandika namba, na mwaka unaofuata ataandika tena namba ileile.

Na msidhani hayo ni ya mahindi ya jirani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta sumukuvu kwenye mbegu za alizeti na kwenye mashudu ya wakamuaji wadogo wa hapa nchini. Ifuateni hiyo sumu kwenye mashine. Mbegu zinaingia, mafuta yanatoka huku, mashudu kule, na sehemu kubwa ya sumu inabaki na mashudu kwa kuwa haiyeyuki vizuri ndani ya mafuta. Mwenye mashine anamuuzia mfugaji mashudu. Ng'ombe anakula, ini lake linaibadili sumu umbo, na sehemu yake inatokea kwenye maziwa. Mbegu, kuvu, mashine, mnyama, ini, kikombe cha mtoto: nionyesheni mpaka wa baiolojia na biokemia uko wapi katika safari hiyo, nami nitaikata shahada palepale.

MKAGUZI WA CHAKULA: Hakuna aliyekubishia, mwalimu, kwamba maumbile hayajui idara. Vyuo ndivyo vina idara, na muda wa mwanafunzi una mwisho. Kwenye ukaguzi, kazi hugawanywa kwa watu. Anahitajika mkemia wa uchambuzi anayeweza kuiendesha mashine ya kromatografia, kuitengeneza ikigoma, na kusimama mahakamani kuitetea namba aliyoiandika. Anahitajika mtu wa mazao anayelijua ghala. Ukiigawa miaka mitatu kati ya baiolojia na biokemia unapata kijana atakayekuchorea mzunguko wa Krebs ubaoni bila kukosea hata mshale mmoja, lakini pipeti aliishika kwa zamu, wenzake wakimsubiri, kwa sababu vifaa ni vichache na darasa limefurika. Ameujua upana, kina hana. Na upande wa chini nako anabanwa. Siku hizi kuna kipimo cha mkanda: unachanganya unga na kimiminika, unachovya, unasubiri dakika chache, unasoma mistari. Aliyemaliza kidato cha nne akifundishwa wiki moja anakimudu. Juu kuna bingwa wa uchambuzi, chini kuna mwenye mkanda. Shahada yako imekaa katikati, na hapo katikati sioni mshahara.

MHADHIRI: Tuanze na huo mkanda, ndugu mkaguzi, maana umejichagulia mfano unaonisaidia. Sumukuvu haitapakai gunia zima kwa usawa. Punje chache zinaweza kubeba karibu sumu yote, na maelfu ya punje zilizo pembeni yake yakawa safi. Mpimaji akichoma gunia moja kwa bambo, akatoa konzi moja isiyo na punje mbaya, mkanda utasema lori zima ni salama. Nao haujadanganya, umesema kweli kuhusu konzi. Kosa kubwa katika upimaji wa sumukuvu linatokea kwenye kuchukua sampuli, kabla mashine yoyote haijawashwa. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni mikrogramu 10 za sumukuvu kwa kilo, na 5 kwa aina ya B1 iliyo kali zaidi. Kukipima kiasi hicho katika lori la tani 30 kunataka ujue ni magunia mangapi ya kuchoma, yapi ya chini na yapi yaliyoegemea ukuta wenye unyevu, usage kwa ulaini gani, uchanganye vipi kabla hujachota. Nani anajua kuvu inapenda kujificha wapi, na hapohapo anajua kwa nini kiasi kisichoonekana kwa macho kinatosha kuliharibu ini? Huyo wa wiki moja, tusidanganyane, atachoma gunia lililo karibu na mlango.

Kuhusu nusu kwa nusu, nakukumbusha kwamba ukuta unaoutetea kati ya baiolojia na kemia ulibomoka mwaka 1897. Eduard Buchner, Mjerumani, alisaga hamira, akaikamua, akakuta kuwa maji yale yasiyo na seli hai hata moja bado yanachachusha sukari. Alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1907. Tangu hapo, anayesoma uhai bila kemia yake anasoma sura ya nje.

MZAZI: Mnanogewa na mikanda na hamira, mimi narudi kwenye hesabu. Mwalimu ametaja watu 20 waliokufa, akataja maziwa. Mtaalamu huyo akiwepo, faida ni ya kila mtu: mlaji wa Dodoma, mnywa maziwa wa Arusha, hata msafiri anayeshuka kwenye basi Mkiwa kununua karanga akasubiri gari la Itigi. Lakini gharama ya kumpata huyo mtaalamu haigawanywi kwa hao wote. Inabebwa na nyumba moja. Daktari analipa deni lake kwa sababu mgonjwa anamjua na serikali imemtengea cheo. Mtu wa kuzuia sumu kabla haijaliwa hana wa kumshukuru, maana ambaye hakuugua hajui kwamba aliokolewa. Kazi isiyo na wa kuishukuru haina anayeilipia, na mnamtaka mtoto wa mkulima wa mtama ndiye aikopee. Kama ni ya taifa, taifa liilipie. Kama ni yangu, nionyesheni mapato.

MHADHIRI: Taifa linalipa sehemu, tuliseme hilo pia. Chuo cha umma hakitozi gharama kamili ya kumfundisha mtu wa sayansi, na mkopo wenyewe umelegezwa: tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani na adhabu ya asilimia 10 kwa aliyechelewa ziliondolewa mwaka 2021. Lakini nakubali, hiyo haijibu miaka ya kungoja. Nataka tu usiione elimu hii kama kitu ambacho Afrika Mashariki inakiazima. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba selimundu ni ugonjwa wa himoglobini yenyewe. Mwaka huohuo Anthony Allison, kijana aliyekulia Kenya, alikuwa anakusanya damu za watu wa Kenya, akaona kitu ambacho kemia peke yake isingekiona: wenye chembe ya selimundu walikuwa wengi pwani na kando ya Ziwa Victoria, wachache nyanda za juu. Ramani ya damu ililingana na ramani ya mbu. Mwaka 1954 akachapisha hoja kwamba anayerithi chembe hiyo kwa mzazi mmoja analindwa dhidi ya malaria. Miaka miwili mitatu baadaye Vernon Ingram, Uingereza, akakuta kwamba tofauti yote ni amino asidi moja kati ya 146 za mnyororo mmoja wa himoglobini. Tanzania sasa ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na selimundu. Ugonjwa huo haueleweki ukiacha mbu, wala haueleweki ukiacha ile amino asidi.

MZAZI: Na huyo Allison alikuwa na nani nyuma yake?

MHADHIRI: Chuo Kikuu cha Oxford.

MZAZI: Basi. Mtoto wa Mkiwa nyuma yake niko mimi.

MHADHIRI: Nipishe mfano wa nyumbani, basi. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania ilianzishwa mwaka 1973. Miaka kumi baadaye, mwaka 1983, Alexander Mosha wa taasisi hiyo na Ulf Svanberg wa Sweden walichapisha utafiti wa uji wa watoto wanaoachishwa ziwa, na malighafi yao ilikuwa kitu ambacho wapika pombe na togwa wa kanda ya kati wanakijua vizuri: kimea. Tatizo la uji wa mtama ni hili. Wanga ukipikwa unavimba, uji unakuwa mzito, mtoto haumezi. Mama anaongeza maji mpaka unyweke. Tumbo la mtoto ni dogo. Anashiba maji, anakonda huku amekula. Ukitia unga kidogo wa kimea kwenye uji ule mzito ungali moto lakini hauchemki, unalainika mbele ya macho yako, maana kimeng'enya cha amilesi kinaikata minyororo ya wanga. Unga ni uleule, maji ni yaleyale, lakini sasa unanyweka, na kila kikombe kina chakula ndani.

Hapo ndipo sayansi mbili zinapohitajiana kwa nguvu. Mtama unaoota hutengeneza kwenye chipukizi kemikali inayotoa sianidi. Ndiyo hiyohiyo inayoua mifugo ikila mtama mchanga. Kwa hiyo lazima chipukizi na mizizi viondolewe kabla ya kusaga. Mkemia asiyeujua mmea atasaga vyote. Mtaalamu wa mimea asiyekijua kimeng'enya atakitia kimea kwenye uji unaotokota, kimeng'enya kitaharibika, na uji utabaki mzito kama mwanzo, kisha ataandika ripoti kwamba mila za kimea hazina msingi. Wapishi wa pombe wa vijijini walikuwa wanajua yote mawili kwa mikono yao. Shahada hii, ikifundishwa vizuri, inawafikia pale walipo na kueleza sababu, ili kitu kile kiweze kupimwa, kurekebishwa na kupelekwa kliniki.

MKAGUZI WA CHAKULA: Mwalimu umejibu hoja yako mwenyewe bila kujua. Kilichofanya kimea kikafika kwenye jarida ni taasisi. Iliundwa kwanza, ikatafuta watu, watu wakapata mishahara, utafiti ukaja. Leo vyuo vimegeuza mpangilio: wanazalishwa wahitimu, kisha wanaambiwa wakazitafute taasisi. Na taasisi ikiwepo, kazi ndani yake inaweza kufungwa kwa amri moja. Chukueni Makutupora, mkoani Dodoma. Oktoba 2016 yalipandwa pale mahindi ya majaribio yaliyobadilishwa jeni ili yavumilie ukame, chini ya mradi wa WEMA. Novemba 2018 serikali ikaamuru majaribio yasimamishwe na masalia yateketezwe, na Januari 2021 wizara ya kilimo ikatangaza kwamba utafiti wa namna hiyo haupo tena. Sisemi kama amri ilikuwa sahihi au la. Huo ni mjadala mwingine na una watu wake. Nasema kwamba katika kipindi kifupi kama cha shahada moja, mlango ulifunguliwa na kufungwa. Aliyeingia mwaka wa kwanza akiota maabara ile alihitimu ikiwa imeshakwisha. Muuguzi hajawahi kuamka akakuta uuguzi umesitishwa.

MHADHIRI: Na ndiyo hoja ya upana. Aliyesomea mbinu moja tu ya kubadili jeni alikwama. Aliyesomea mmea na kemia yake pamoja anaweza kuhamia ubora wa mbegu, viuatilifu, lishe, usalama wa chakula.

MKAGUZI WA CHAKULA: Kuhama kunahitaji pa kuhamia. Na nina shaka hata huo upana upo. Shahada hizi zinaitwa za baiolojia, lakini zitazameni kwa ndani: Baiolojia ya Molekuli na Bioteknolojia pale Dar es Salaam, Bioteknolojia na Sayansi ya Maabara pale Sokoine, Morogoro. Baiolojia iliyobaki ni ile inayoingia kwenye kijaribio cha plastiki. Ukiacha Mkiwa ukashika njia ya Itigi, unakwenda kukutana na kichaka ambacho wanasayansi wa dunia wanakijua kwa jina la Itigi, kwa sababu msongamano wake na mimea yake ni adimu. Kuna mmea wa huko, Burttia prunoides, uliopewa jina la B. D. Burtt, mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi Tanganyika katika utafiti wa mbung'o, akafa kwa ajali ya ndege mwaka 1938. Burtt alitembea kwa miguu, akaandika kila mti aliouona. Mhitimu wenu ukimsimamisha mbele ya kichaka hicho atataja miti mingapi? Atajua nyuki wa asali ya Itigi wanafuata ua lipi, mwezi gani? Ndoa ya sayansi mbili imefungwa, lakini mmoja amemmeza mwenzake.

MHADHIRI: Hapo umenishika pabaya, na wenzangu wengi watakasirika nikikubali. Safari za porini ni ghali, kijaribio ni rahisi, na ratiba inafuata kilicho rahisi. Lakini angalia umechagua asali. Mnunuzi wa nje anauliza mambo mawili. Je, kweli imetoka kwenye maua mnayoyasema? Unatazama chavua kwenye darubini, na ni lazima umjue Burtt na miti yake. Je, ilichemshwa, au imekaa sana? Unapima kemikali inayoitwa HMF, ambayo kwa kiwango cha kimataifa haitakiwi izidi miligramu 80 kwa kilo katika asali ya nchi za joto. Pipa moja, maswali mawili, na kutuma watu wawili wasioelewana ni gharama kuliko kumtuma mmoja. Dawa ya shahada iliyomeza baiolojia ni kuirudishia baiolojia yake, si kuivunja.

MWANAFUNZI: Samahani, wazee wangu. Mnasema kana kwamba mimi nachagua kati ya shahada hii na udaktari. Tahasusi yangu ni CBG: Kemia, Baiolojia na Jiografia. Udaktari unataka Fizikia, na shule niliyosoma haikuwa na mwalimu wa kutosha wa Fizikia, kwa hiyo mlango huo ulishafungwa kabla sijafika kidato cha sita. Kilicho mbele yangu ni hii, au shahada ya sayansi na ualimu kwa masomo ya baiolojia na kemia. Ya pili ina jina ambalo mama analielewa. Lakini walimu wa sayansi waliohitimu na wanangoja kwenye Ajira Portal nao nawajua, na si wawili watatu. Wakati huohuo tunaambiwa shule zina upungufu wa walimu wa sayansi, na yote mawili ni kweli. Kwa hiyo msinipe jibu la kwamba moja ina kazi na nyingine haina. Zote zina foleni. Swali langu ni ipi inaniacha na ujuzi ninaoweza kuutumia nikiwa kwenye foleni.

MZAZI: Ualimu, mwanangu. Utafundisha tuisheni.

MHADHIRI: Na mwenye shahada hii atapima. Machi 2021 Kenya ilizuia ghafla mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Baada ya siku chache ikafungua, kwa masharti: mwingizaji awe amesajiliwa, na mzigo uwe na cheti kinachoonyesha kwamba sumu haijavuka zile mikrogramu 10 kwa kilo. Siku zile za kufungwa hazikuwabagua wakulima. Aliyekausha mahindi yake kwenye turubai mpaka yakalia na aliyeyarundika yakiwa mabichi, wote waliambiwa wageuze. Mkulima safi hakuwa na namna ya kuthibitisha kwamba ni safi. Hilo ndilo jibu la swali lako la kwanza, mama. Unauliza anakuwa nani: anakuwa yule anayeweza kumtenganisha mkulima safi na jirani yake mchafu, kwa karatasi inayokubalika mpakani. Mashudu ya Singida nayo yananunuliwa na wafugaji wa mbali. Siku mnunuzi akidai cheti kwa kila shehena, mikoa ya kati itahitaji wapimaji wengi kuliko ilio nao.

MKAGUZI WA CHAKULA: Cheti kinachokubalika mpakani kinatoka kwenye maabara yenye ithibati, kwa sahihi ya mtu aliyeidhinishwa. Mhitimu mpya hatii sahihi. Anakaa chini ya mtu miaka, na mara nyingi anaanza kwa kujitolea.

MZAZI: Na kipimo kina bei. Mwenye mashine hatailipa kutoka mfukoni kwake. Ataishusha bei ya gunia langu. Kwa hiyo, nikiwasikia vizuri, nitamsomesha mpimaji kwa alizeti, kisha nitamlipa mshahara kwa alizeti hiyohiyo.

MHADHIRI: Utamlipa, ndiyo. Leo unalipa pia, bila kupimiwa. Soko lisiloweza kutofautisha linampa kila mtu bei ya aliye mchafu.

MZAZI: Sawa, hilo nimelielewa, na sitasema halina maana. Sasa nisikilize na mimi. Dirisha la maombi litafungwa kabla hatujamaliza kubishana. Sitaki picha za wahitimu waliovaa majoho. Nataka mniambie katika darasa lililohitimu miaka mitano iliyopita ni wangapi leo wako kwenye maabara inayotoa cheti cha namna hiyo, wangapi wanauza vocha, na wangapi walirudi kusomea ualimu.

MHADHIRI: Majina siwezi kuyataja hadharani. Idadi nitaitafuta idarani na kukuletea.

MZAZI: Lete. Na wanaojitolea bila malipo, mwalimu, wahesabu kando. Usiwachanganye na walioajiriwa.